Chema hakijiuzi chenyewe

Jumamosi iliyopita niliitwa kuongea na wasanii, maprodyuza na mameneja vijana kwenye ukumbi mmoja hapa Sinza, mada waliyonipa ilikuwa utambulisho wa muziki wetu na soko la nje. Watu kadhaa wameniomba maneno yale kwa maandishi, haya hapa, nimeyaacha kama nilivyoyasema isipokuwa nimetoa sehemu nilizokohoa na ile dakika tano jenereta la jirani lilipotuzidi nguvu.

Shikamooni wazee wangu mliokaa huko nyuma, naona mmewahi feni, na nyie vijana mambo zenu. Mimi sio msemaji. Nimeanza kubeba spika mwaka 1987, nikapanda kukunja waya, nikapanda kukaa kwenye mitambo, na mtu wa mitambo anaongea kwa kidole, ongeza hiyo, punguza hiyo, basi. So nikipotea njiani mniwashie taa.

Kwenye bango hapo mlangoni mmeandika chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nani kaandika? Usifiche mkono, sikugombezi. Ila hii methali imenikera karibu miaka arobaini sasa, kwa sababu ndo jibu nililokuwa napewa kila nikimwambia kiongozi wa bendi jamani tutengeneze kaseti nzuri, tuandike majina, tuwape watu wanaosafiri. Ananiambia we fundi tulia, chema chajiuza. Haya, bendi ilikuwa chema kweli, ilikuwa inajaza ukumbi Ijumaa mpaka watu wanacheza nje kwenye parking, na haikujiuza popote kupita Morogoro. Afu kuna kitu kingine cha ovyo ovyo tu kilijitembeza kikafika Ulaya.

Tuanze na hili neno utambulisho maana ndo linaleta ugomvi. Kila baada ya miezi mitatu kuna mtu anasimama redioni anasema Bongo Fleva sio muziki wetu, muziki wetu ni ngoma, mwingine anasema muziki wetu ni dansi, wa Zanzibar anacheka tu maana yeye ana taarab na kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kipo tangu 1905. Ugomvi wenyewe ni mzee kuliko wengi wenu humu. Desemba 1962 Mwalimu akihutubia bunge la Jamhuri aliwasema watu waliokwenda shule, kwamba tunajua rumba na chachacha na twist mpaka waltz, lakini ni wangapi wanaijua Gombe Sugu au Lele Mama. Mwaka huohuo ikaundwa wizara ya utamaduni. Alikuwa na hoja, sibishi na Mwalimu.

Lakini angalieni kilichotokea baada ya hapo. Miaka miwili mbele, 1964, chama cha wafanyakazi NUTA kikaunda bendi, NUTA Jazz, hiyo hiyo mnayoijua leo Msondo Ngoma. Polisi wana bendi, jeshi lina bendi, kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo kina bendi, Umoja wa Vijana wa chama wana bendi, shirika la bima, sikilizeni vizuri, bima, nalo lina bendi, Bima Lee. Na hizi bendi za serikali na mashirika ya umma zilikuwa zinapiga nini? Rumba! Gitaa za umeme, saksafoni, tarumbeta. Rumba iliyotoka Kuba kwenye santuri, ikapita Kongo, ikafika kwetu, na pale Morogoro marehemu Salum Abdallah wala hakuona haya, bendi yake akaiita Cuban Marimba. Cuban, Morogoro! Leo ukimpigia mzee yeyote Cuban Marimba anakwambia huo ndo muziki wa nyumbani, na machozi juu.

Kilichoufanya uwe wa nyumbani ni nini sasa? Kwanza maneno. Wale wazee walikuwa wanaandika hadithi, mtu kagombana na mkwe, mtu kadhulumiwa urithi, mtu anamlilia mtoto, unaisikiliza kama barua. Pili ni kwamba kila bendi ilitakiwa iwe na mtindo wake, mtindo ndo kitambulisho, Sikinde, Msondo, Kamanyola, Talakaka, na mingine imechukuliwa moja kwa moja kwenye ngoma za kienyeji, Sikinde ni ngoma ya Wazaramo, wenye mji huu. Bendi ya Mlimani Park walipoanza 1978 wakaibeba ile ngoma wakaivalisha magitaa. Kwa hiyo gitaa la kigeni, rumba ya mtu, jina la ngoma ya uani kwa bibi. Ndo sisi. Hatujawahi kuwa wasafi, na mimi sioni tatizo lolote.

Mfano mzuri zaidi uko hapo barabarani. Mmeshuka kituo gani leo mliokuja na daladala? Sinza kwa Remmy. Dokta Remmy Ongala kazaliwa Kindu, Kongo, kaja Dar 1978 kupiga na Orchestra Makassy ya mjomba wake, baadaye Super Matimila. Huyu Mkongo ndo amekuwa sauti ya mnyonge wa Tanzania, ameimba kifo, ameimba umaskini, aliimba ukimwi wakati viongozi wanasema kwa mafumbo, mpaka redio ya taifa ikaukataa ule wimbo. Na alipokwenda Ulaya na WOMAD, wale wa matamasha ya muziki wa dunia, mwaka 1988 akaimba kwa Kiswahili hichohicho cha Sinza, afu akarekodi Real World kule Uingereza, studio za Peter Gabriel. Sasa niambieni, alituwakilisha au hakutuwakilisha? Ukimwondoa Remmy kwenye muziki wa Tanzania kwa sababu ya mahali alipozaliwa itabidi ubadilishe na jina la kituo, na makonda hawatakuelewa.

(Hapa watu walicheka, na mzee mmoja akasema kwa sauti "na nauli itapanda".)

Tuje kwenye kujitembeza. Nimekaa nikahesabu muziki wetu uliovuka maji kweli kweli, sio wa kutumwa na msafara wa serikali tukapiga mbele ya mabalozi watano wanaokula sambusa. Siti binti Saad kaenda Bombay 1928 kurekodi santuri. Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz wameenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya 1970. Remmy nimeshamtaja. Mzee Hukwe Zawose, Mgogo, na marimba zake na zeze lake na ile sauti inayoanzia tumboni inamalizikia kwenye paji la uso, kazunguka dunia na kurekodi hukohuko Real World. Bi Kidude, 2005 wakampa tuzo ya WOMEX, yale maonyesho ya muziki wa dunia, bibi wa Zanzibar na sigara yake. Na siku hizi singeli.

Sasa singeli nataka niikalie kidogo maana najua humu kuna watu wakisikia singeli wanakunja pua, muziki wa vigodoro, muziki wa wahuni. Haya. Vijana wa Mburahati, studio ya Sisso, biti inapita mapigo 200 kwa dakika na wengine wanaifikisha 300, mtu anachana juu yake bila kuvuta pumzi. Wala hawakumtengenezea Mzungu, walimtengenezea mama mwenye shughuli yake uswahilini, kakodi spika, kafunga turubai barabara nzima, anataka watu wasikae. 2017 ikatoka albamu ya mkusanyiko, Sounds of Sisso, na tangu hapo watoto wa Mburahati na Tandale wanapiga kwenye majukwaa ya muziki wa elektroniki Ulaya, madijei wa Ujerumani wanakuna kichwa huyu mtu hiyo spidi kaipata wapi.

Mnajua ile albamu imetolewa na nani? Nyege Nyege Tapes. Wapi? Kampala. Sio Dar, Kampala, Uganda. Watu wa Kampala ndo waliokuja kuikuta singeli Mburahati wakaifungasha vizuri wakaipeleka, na sisi tulikuwa tumekaa hapa tunabishana kama ni muziki wa heshima au sio. Siwalaumu wa Kampala, nawashukuru. Najilaumu mimi, maana nimepita Mburahati na mitambo yangu mara ngapi, nimekodisha spika kwenye vigodoro hivyohivyo, nimelipwa, nimerudi nyumbani nimelalamika masikio yanauma. Chema kilikuwa kinapiga kelele mbele yangu mpaka saa kumi alfajiri na sikukiona.

Ukiwaangalia wote hao niliowataja kuna mambo mawili. La kwanza hakuna aliyebadilisha muziki ili ufanane na wa kule alikokwenda. Hakuna! Zawose hakuweka kinanda ili Wazungu waelewe, kama alikaa studio na mtu wa gitaa la umeme basi yule wa gitaa ndo alimfuata Zawose. La pili ni kwamba kila mmoja alikuwa na mbebaji. Remmy kaseti yake ilibebwa na rafiki aliyekuwa anarudi Uingereza ikawafikia watu wa WOMAD. Kaseti moja, kwenye begi la mtu. Sasa ndo mniambie chema chajiuza.

Naona kijana pale anatikisa kichwa. Unataka kusema mbona amapiano. Haya, amapiano. Wasauzi wameutoa kwenye vitongoji vyao, huko Pretoria na Soweto, watu wakawa wanarushiana ngoma kwa WhatsApp na kwenye teksi, umeshika dunia. Safi sana. Na sisi tukafanya nini? Tukakimbilia ile besi yao inayogonga, miaka mitatu kila wimbo ukifungua redio hapa besi ileile. Kwenye shoo ya Mbezi inachezeka, sikatai, hata mimi kiuno kimo. Lakini kumpelekea promota wa nje amapiano ya Dar ni sawasawa na kupeleka karafuu Pemba. Atakuuliza kwa nini nisimchukue mwenye nayo? Utamjibu nini?

Kolabo pia zisitudanganye. Nampongeza Diamond, ile remix ya Number One na Davido ya 2014 ilifungua mlango wa Naija na sisi sote tukaingia nyuma yake. Nampongeza na Rayvanny. Lakini angalieni ya Rayvanny ilivyokwenda, Tetema imetoka hapa 2019, imetetemeshwa hapa, kwenye harusi za Tabata na baa za Mwanza, ndipo Maluma wa Colombia akaifuata, na Novemba 2021 ikapigwa Budapest kwenye jukwaa la MTV kwa neno letu lilelile. Mgeni kafuata ngoma iliyokuwa imeshakolea. Mcheza kwao hutunzwa, na huyu alitunzwa kwanza kwao. Wengi wenu mnataka kolabo kabla wimbo haujachezwa hata Kigogo Luhanga.

Lugha nitaipitia haraka. Mnaniuliza kila siku tuimbe Kiingereza? Kiingereza chako unakijua? Mimi changu cha kuagizia soda. Imba unachokiota. Ila, na hapa ndo huwa tunazembea, andika tafsiri. Ukurasa mmoja, huyu anasema hivi na hivi, kwa sababu hadithi ndo nusu ya muziki wetu na mtu wa nje anaikosa yote. Tusipompa, anachobaki nacho ni kile cha hotelini. Nimepiga mitambo hoteli za ufukweni miaka sita, kila usiku saa moja na nusu bendi inatoka na mashati ya michoro ya twiga, inaanza Jambo Bwana. Wimbo mzuri, wa ndugu zetu Wakenya Them Mushrooms, una heshima yake. Ila usiku mmoja mwimbaji wetu, alikuwa mtunzi kweli yule, akaingiza wimbo wake wa mama aliyefiwa, watalii wametulia tuli wanasikiliza, wengine wameweka uma chini, na meneja akaja mbio kwangu, mwambie arudishe hakuna matata. Nikamwambia bosi ila watu wanasikiliza. Akasema hawajaja huku kusikiliza.

Hilo jibu lake sijalisahau mpaka leo.

Sasa niwape cha viza mpumzike. Miaka kadhaa nyuma nilisafiri na kundi la marimba na ngoma, watu tisa, mimi wa kumi na mitambo, tumealikwa tamasha moja Ulaya, siutaji mji. Viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, leo ni euro 90 kwa kichwa, hairudi hata ukinyimwa, piga mara kumi. Wakati ule ilikuwa pungufu lakini maumivu ni yaleyale. Sasa wanataka benki stetimenti. Mpiga ngoma wa Chamwino, Dodoma, anapata wapi benki stetimenti? Hela yake iko kwenye simu na nyingine iko zizini inakula majani. Tukaandika barua, tukapigwa picha, majibu yakatoka siku mbili kabla ya ndege, wamepata sita, wamekosa watatu, na kati ya hao watatu ni wapiga ngoma wawili wakubwa, wale wenyewe wanaobeba mdundo.

Tukaenda hivyohivyo. Uwanja wa ndege kule mtu wa forodha akaishika ngoma moja tuliyobaki nayo akaniuliza ngozi ya nini. Nikasema mbuzi. Akauliza mbuzi alikufa lini. Ndugu zangu, nimesoma mpaka darasa la saba, swali hilo halikuwemo. Nikamwambia zamani. Akaandika.

Shoo ikaenda, watu wakapiga makofi sana, na baada ya shoo akaja mama mmoja mwandishi wa magazeti, mpole kweli, akatuambia kilichomgusa kwenye muziki wa Tanzania ni utulivu wake, ukimya, nafasi kati ya noti na noti. Na akaandika hivyo. Tukatazamana. Utulivu upi? Utulivu ni zile ngoma mbili zilizobaki Dar! Hiyo nafasi kati ya noti na noti ndo alitakiwa kukaa baba fulani, amenyimwa viza, yuko Chamwino anachunga. Na mpaka leo kuna watu kule wanajua muziki wa Kigogo ni mtulivu, ukiwapelekea kundi zima watasema mmeharibu asili.

Kwa hiyo kabla hujabishana na mtu utambulisho wetu nje ni upi, uliza kwanza nani alinyimwa viza. Sitanii. Anza miezi sita kabla, maombi yanapokelewa mpaka miezi sita kabla ya safari, usingoje tiketi. Kila mwanakundi awe na akaunti hata ya elfu kumi kumi iwe na maisha, iwe inaingia inatoka. Barua ya mwaliko iwe na jina la kila mtu na chombo anachopiga, tena uandike bila huyu mdundo hakuna. Nimejifunza kwa machungu.

Kuna watu wanasema serikali itufanyie. Serikali ifanye, ndiyo, wenzetu wanafanya, Ufaransa walianzisha ofisi ya kusafirisha muziki wao 1993, Wakorea mnawaona wenyewe. Lakini hao ni matajiri, acheni tuangalie wenzetu wa saizi yetu, tena wadogo kuliko sisi. Cape Verde. Visiwa, watu kama nusu milioni, Temeke peke yake inawazidi. Walikuwa na mama mmoja anaitwa Cesária Évora, mwimbaji wa baa kule Mindelo, ana miaka 47 hajulikani nje, anaimba morna, muziki wa kwao, kwa krioli yao ambayo duniani hakuna anayeielewa. Akaja kijana wao José da Silva, anaishi Ufaransa, anafanya kazi reli. Reli! Huyo ndo akamchukua Paris akamrekodi 1988, miaka minne mbele albamu ya Miss Perfumado ikapasua Ufaransa, 2004 mama ana Grammy, na anapanda jukwaani peku na sigara yake kama Bi Kidude. 2013 wakaanzisha maonyesho yao ya muziki palepale Praia ili mabosi wa nje wawafuate wao nyumbani, 2019 morna ikaingia orodha ya urithi ya UNESCO. Mbebaji alikuwa mfanyakazi wa reli.

Na uwanja wa ndege wa Mindelo sasa unaitwa Cesária Évora. Wao uwanja wa ndege, sisi kituo cha daladala. Sio vibaya, tumeanza.

Hapa ndo nafika kwenye lililonileta, mengine yote nilikuwa nakunja waya tu. Miaka michache iliyopita nilipata imeili kutoka kwa mtu wa nje anayetoa upya rekodi za zamani za Afrika, mtu wa haki, amenitafuta kupitia watu watatu. Kuna wimbo wa bendi moja ya hapa, siitaji maana wenyewe mmo humu, ulirekodiwa miaka ya themanini, na mnakumbuka enzi hizo bendi karibu zote zilikuwa zinarekodi redioni, RTD, leo TBC, mikanda ile mikubwa. Wimbo una solo gitaa linalokata utumbo. Akauliza maswali matatu tu. Nani mtunzi, nani kapiga solo, na hela niwatumie kwa nani. Ana mkataba kauandaa, asilimia nzuri, na malipo ya mwanzo.

Nikasema kazi rahisi. Nikaenda Mwananyamala kwa mzee mmoja, akasema solo kapiga fulani. Nikaenda Buguruni, wakasema hapana fulani alikuwa ameshahama, alinunuliwa na bendi nyingine wiki ileile, kapiga mwingine. Nikaenda Mbagala, nikamkuta mjane wa mtunzi, mama mtu mzima, akanitolea bahasha, ndani kuna picha tatu, kadi ya chama cha wafanyakazi na karatasi ya maneno ya wimbo kwa mwandiko wa marehemu. Hakuna jina lake popote kwenye ile karatasi. Nani anaandika jina lake kwenye daftari lake mwenyewe? Halafu vyombo vilikuwa vya shirika, shirika lenyewe limekufa, viongozi wawili wa bendi kila mmoja anasema haki ziko kwake, mmoja akanipigia simu usiku ananiambia niache kuchokonoa.

Miezi mitatu nimezunguka kwa bajaji na hela yangu. Mwisho yule mtu wa nje akaniandikia kwa upole sana kwamba hawezi kuchapa wimbo ambao hajui wa nani, akachukua wa bendi ya nchi nyingine. Ule utumbo uliokatwa na gitaa, ndugu zangu, mpaka leo hauna mwenyewe. Na yule mama wa Mbagala nilikuwa nimeshamwambia kuna kahela kanakuja. Sijarudi. Naogopa kupita mtaa ule.

Sasa mnaniambia utambulisho wa taifa. Taifa gani lisilojua nani kapiga gitaa lake? Sisi tunagombana Bongo Fleva ni ya Kitanzania au ya Marekani, sijui singeli ina maadili au haina, wakati ukimuuliza prodyuza hapa wimbo wa juzi besi kapiga nani, anakwambia mshkaji mmoja alikuja. Mshkaji mmoja alikuja! Miaka thelathini ijayo mtoto wa huyo mshkaji atakuwa na bahasha yenye picha tatu.

Kwa hiyo tafadhalini. Siku ya kurekodi, kabla hamjazima mashine, karatasi moja, majina kamili sio a.k.a. peke yake, nani katunga maneno, nani katunga sauti, nani katengeneza biti, nani kapiga nini, mgawo wa kila mmoja kwa asilimia, sahihi. Mkiwa bado marafiki. Mkingoja wimbo utoboe hamtakuwa marafiki tena. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo kwa sheria ya 1999, kasajilini kazi, hata kama mna malalamiko yenu na mimi ninayo yangu. Kila rekodi ipewe namba yake ya ISRC, ni herufi na tarakimu 12, hiyo namba ndo inatembea na wimbo duniani, ukichezwa Osaka au Bogotá mashine inasoma namba, haijui kwamba wewe ni mkali wa Kijitonyama. Na mkiweka wimbo mtandaoni jazeni yale maboksi ya majina, msiruke ruke. Mnajaza fomu ya kubeti vizuri tu.

Haya, saa yangu imeisha, mratibu ananionyesha kidole kama mimi ninavyowaonyesha wapiga gitaa. Nimekuja na karatasi, zinapitishwa sasa hivi. Kila mwenye wimbo aliotoa mwaka huu aandike majina ya watu wote waliohusika na simu zao. Hapahapa. Wazee huko nyuma na nyie andikeni, hata wa mwaka 1983, hasa nyie. Kalamu ni kumi, naomba zirudi kumi.

Zilirudi kalamu saba. Karatasi nilitoa arobaini, zikarudi kumi na moja. Ya mzee mmoja imejaa mbele na nyuma, majina ya bendi nzima, mtaa aliokuwa anakaa kila mmoja na nani kaoa dada wa nani, nimekwenda kwake Jumatatu na tepu rekoda. Ya kijana mmoja, wimbo wake naujua, unachezwa sana kwenye mabajaji, kaandika mwimbaji yeye, biti yeye, na kwenye mstari wa gitaa kaandika: Mshkaji wa Temeke, namba ntaitafuta.